Vidukari kwenye mnafu, sisimizi kwenye mlimao: uanze na nani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Rau, Moshi. Nyuma ya nyumba nina bustani ndogo ya mnafu, sukuma wiki, pilipili hoho na mlimao mmoja mkubwa. Tangu mvua zikatike, mnafu umejaa vidudu vyeusi chini ya majani, sukuma wiki ina vile vya kijivu vyenye unga, na mlimao umekuwa mweusi kama umepakwa masizi. Sisimizi wanaupanda na kushuka mchana kutwa, wanatokea kwenye ua wa masale. Nimemwaga maji ya moto na mafuta ya taa kwenye shimo lao, nimenyunyiza majivu, na sasa jirani ananishauri ugoro. Bustani naitunza, kila wiki naweka mbolea ya kuku wangu. Sumu ya dukani siitaki, maana mboga hizi tunachuma kila siku na kuku wanazurura humo humo. Je, nianze na sisimizi au na vidukari, na nitumie nini?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa usumbufu. Nikujibu kwanza kwa kifupi, maelezo yafuate. Kwenye mlimao anza na sisimizi. Kwenye mnafu anza na vidukari. Kwenye sukuma wiki sisimizi waache kabisa, hawahusiki. Na mbolea ya kuku isimamishe leo hii, kwa sababu kwa jinsi ulivyoeleza, naona shida yako imeanzia hapo.

Kidukari, ambaye wengine wanamwita mdudu mafuta, ana mdomo mwembamba kama sindano. Anauchoma hadi kwenye mishipa inayosafirisha chakula cha mmea, kisha anatulia hapo akinywa. Utomvu ule una sukari tele, lakini vitu vya kujengea mwili ni haba. Ili apate vya kumtosha kukua na kuzaa, inabidi anywe mno, na sukari iliyozidi anaitoa nyuma ikiwa majimaji matamu. Gusa jani la chini la mlimao wako, utaona linanata. Masizi unayoyaona ni ukungu unaoota juu ya utamu huo. Hauli jani, unalifunika tu likakosa jua. Kwa hiyo usitafute dawa ya masizi. Ukiwaondoa wanaodondosha utamu, ukungu utakauka na kubanduka wenyewe, na ukiwa na haraka waweza kufuta majani ya chini kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Sasa ona mbolea inavyoingia hapa. Mbolea ya kuku ina naitrojeni nyingi kuliko samadi ya ng'ombe au ya mbuzi. Ukiiweka mbichi kila wiki, mmea unakimbilia kutoa majani mororo, na utomvu wake unakuwa na kile hasa ambacho kidukari alikuwa anakihangaikia. Wewe unalisha mnafu, mnafu unamlisha yeye, naye anazaa. Nimeona matuta mawili ya mnafu yaliyopandwa siku moja, mbegu moja, maji mamoja: lililowekwa mbolea mbichi ya kuku lilikuwa jeusi kwa wadudu, na la pili mtu angeweza kuhesabu machipukizi yenye wadudu kwa vidole vya mkono mmoja. Rundika hiyo mbolea pembeni pamoja na majani makavu ya migomba au maranda, iwe na unyevu, uigeuze kila baada ya wiki moja au mbili. Baada ya miezi miwili mitatu itakuwa imepoa na inanukia udongo. Hapo itumie, ukiichanganya na udongo wakati wa kupanda, halafu kidogo tu baadaye ukiona majani yamefifia.

Jambo la pili la kumwelewa kidukari ni uzazi wake. Katika hali ya hewa ya joto kama yetu, karibu wote unaowaona ni majike, na hawahitaji dume. Hawatagi, wanazaa watoto walio hai, na mtoto anapozaliwa tayari ana mimba changa tumboni mwake. Baada ya siku kama 7 hadi 10 naye anaanza kuzaa. Wakisongamana kwenye shina moja, wanazaliwa wengine wenye mabawa, wanaruka kwenda tuta la pili au kwa jirani. Ndiyo maana mtu ananyunyiza dawa Jumamosi, anaona bustani safi, na Jumamosi ya tatu anakuta hali ile ile, anaamini dawa ilikuwa feki. Dawa huenda ilikuwa nzuri, ila walibaki watatu kwenye kona ya jani.

Turudi kwa sisimizi. Sisimizi haumi mlimao wala hafyonzi majani yake. Anafuata ule utamu. Anamgusagusa kidukari kwa vipapasio vyake, kidukari anatoa tone, sisimizi analinywa na kulipeleka shimoni. Kwa malipo, anamlinda. Mdudu yeyote anayekuja kula vidukari anang'atwa na kufukuzwa, mayai yake yanaondolewa, na mara nyingine sisimizi hubeba vidukari wachanga kuwapeleka kwenye chipukizi jipya. Mti wenye ulinzi wa namna hiyo unaweza kunyunyiziwa mwaka mzima usipone.

Jambo hili wakulima wa kahawa wanalijua kwa muda mrefu. Kenya, kuanzia miaka ya 1920, mibuni ilishambuliwa vibaya na wadudu weupe wenye unga kama pamba, ambao nao wanadondosha utamu na wanalindwa na sisimizi. Wakulima walifunga mikanda yenye kunata kwenye mashina ili sisimizi wasipande, na mwaka 1938 wakaletwa nyigu wadogo kutoka Uganda wanaotaga ndani ya wadudu hao. Kwangu mimi fundisho la mikanda ile bado ni la leo: ukimzuia mlinzi, wanaokula mdudu wanapata nafasi ya kufanya kazi.

Kwenye mlimao wako fanya hivi. Kwanza kata matawi yote yanayogusa ukuta, waya wa kuanikia nguo au yale masale, na ng'oa nyasi ndefu zinazoegemea shina. Hii ndiyo sehemu watu wanaipuuza, na ukiipuuza kazi yote ni bure, kwa sababu sisimizi akikuta shina limefungwa atatafuta daraja. Kisha chukua kipande cha kitambaa kizito chenye upana wa kiganja, kizungushe kwenye shina kiasi cha futi mbili kutoka chini, ukikaze kwa kamba. Kama gome lina nyufa, weka pamba au nyuzi za katani chini ya kitambaa ili sisimizi asipenye kwa ndani. Halafu juu ya kitambaa paka grisi nzito. Nasema juu ya kitambaa, si kwenye gome, kwa maana grisi ikikaa kwenye gome na jua likapiga, gome linaungua. Vumbi likijaa juu yake sisimizi anapita kama kwenye lami, kwa hiyo kila wiki itazame na uipake upya. Baada ya mwezi mmoja na nusu hivi fungua kitambaa, shina lipumue, ufunge tena ikibidi, sehemu ya juu au ya chini kidogo.

Nilifanya hivi kwa mzee mmoja kule Old Moshi aliyekuwa na milimao miwili iliyoharibika sawasawa. Tulifunga mmoja, wa pili tukauacha, wala hatukunyunyiza chochote. Wiki ya kwanza hakuona tofauti na alinilalamikia. Wiki ya tatu ule uliofungwa ulikuwa na wadudu wekundu wenye madoa kila tawi na vidukari wamepungua sana, na ule wa pili ulikuwa bado mweusi. Mzee aliufunga mwenyewe bila kuniuliza.

Maji ya moto yanaua wale unaowaona na mizizi iliyo karibu, lakini malkia yuko chini zaidi na anaendelea kutaga. Mafuta ya taa naomba usirudie. Yanaua viumbe wa udongo, mizizi inaungua, na pale ulipomwaga huenda pasiote kitu kwa muda. Majivu makavu yanasaidia kidogo, sisimizi hapendi kuyapita, ila yakilowa yamekwisha kazi, na ukiyaweka mengi kila mara udongo unapoteza uchachu wake, mboga zinakuwa njano. Tena usilenge kuwamaliza sisimizi wote. Wanakula mayai ya wadudu, viwavi wachanga na hata mchwa. Wenzetu wa pwani na Zanzibar wanawathamini sisimizi wa aina ya majimoto kwenye minazi na mikorosho kwa sababu wanafukuza wadudu wanaoharibu nazi changa na korosho. Lengo letu ni kumtoa sisimizi juu ya mti, abaki chini na shughuli zake.

Mnafu huwezi kuufunga mkanda, na hapa ndipo maji yanapofaa. Asubuhi mapema chukua mpira wa maji, bana mdomo wake kwa kidole gumba, ushike chipukizi kwa mkono wa pili na upige maji kutoka chini kwenda juu. Kidukari akiangushwa kwa nguvu mara nyingi mdomo wake unaumia, na ni wachache wanaoweza kupanda tena. Fanya siku tatu mfululizo, halafu kila baada ya siku mbili. Asubuhi ni bora kuliko jioni kwa sababu majani yanakauka mapema na ukungu hauingii. Vichipukizi vilivyojaa sana vichume, tia kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Najua maji si ya kuchezea wakati wa kiangazi. Kama ni ya shida, tumia bomba la mkono la lita moja au mbili, ubane tundu lake litoe mshale na siyo ukungu.

Wakizidi nguvu maji matupu, ongeza sabuni. Chukua sabuni ya mche, ile ya kawaida ya kufulia isiyo na rangi kali, ikwangue, pima kijiko kimoja cha chakula cha makwangio, kiasi cha gramu 10, kwa lita moja ya maji. Yeyusha kwenye maji ya vuguvugu kidogo, kisha jaza lita. Sabuni ya unga usitumie, ina chumvi na viweupishi vinavyounguza majani. Jaribu kwanza kwenye majani machache, usubiri siku nzima. Kama hayakuungua, nyunyiza jioni jua likishapoa, chini ya jani hasa, hadi kila kidukari alowe. Neno kulowa nalisisitiza kwa sababu sabuni inaua kwa kumgusa tu: inaondoa nta ya ngozi yake na mwili unakauka. Ikishakauka juu ya jani haina nguvu tena, hivyo kidukari ambaye hukumfikia leo kesho yuko salama. Rudia kila baada ya siku 5, mara tatu. Hiyo mara ya tatu ndiyo inayowapata waliozaliwa katikati. Uzuri wake, mboga ukizisuuza vizuri unazipika siku inayofuata, na kuku hawadhuriki.

Wale wa kijivu kwenye sukuma wiki ni aina nyingine, wanapenda jamii ya kabichi, loshuu na figiri. Ule unga ni nta inayofanya maji yateleze bila kuwalowesha, ndiyo maana hapo sabuni ni ya lazima tangu mwanzo. Sisimizi kwa kawaida hawawafugi hawa. Wanajificha katikati kwenye majani machanga yaliyojikunja, kwa hiyo kabla ya kunyunyiza vunja majani yaliyojikunja na yale ya chini yaliyochakaa, wape kuku. Halafu nikuulize, hiyo sukuma wiki ina umri gani? Bustani nyingi za Moshi nakuta mashina marefu ya mwaka na nusu, miaka miwili, yamepinda kama fimbo. Shina hilo ni makazi yao ya kudumu. Ling'oe, panda upya upande mwingine wa bustani, na usipande mapya kabla ya kung'oa yale ya zamani.

Mwarobaini nao ni dawa ya kweli, ila watu wanaudai kazi usiyoifanya. Hauangushi wadudu papo hapo. Unawaondolea hamu ya kula na kuvuruga kujivua ngozi kwao, kwa hiyo subiri siku kadhaa kabla hujasema umeshindwa. Nguvu iko kwenye mbegu kuliko majani. Huko juu Marangu na Kibosho mti huu hausitawi kwa baridi, lakini ukishuka kuelekea Kahe au Mwanga utaupata. Twanga gramu 50 za kiini cha mbegu kavu kwa kila lita, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza kipande kidogo cha sabuni ili dawa ishike. Nyunyiza jioni, kwani jua linaivunja nguvu haraka, na itumie siku hiyo hiyo. Mboga zitakuwa chungu kidogo, mpe mnafu siku tatu kabla ya kuchuma. Pilipili hoho na mlimao ndipo mahali pake pazuri zaidi.

Mmea wa utupa nao utausikia sana, na hapa kwetu umefanyiwa utafiti. Watafiti wakiwemo wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha walichapisha mwaka 2015 majaribio ya maharage yaliyofanyika kaskazini mwa Tanzania, wakitumia utupa, alizeti pori, kishona nguo na mimea mingine ya pembezoni mwa shamba. Majani makavu yaliyosagwa, gramu 100 kwa lita moja ya maji yenye sabuni kidogo, yalipunguza wadudu na mavuno yakakaribiana na ya dawa ya kiwandani, huku wadudu rafiki wakibaki wengi zaidi kuliko pale penye dawa ya kiwandani. Naupenda kwa maharage. Kwa mnafu unaochumwa kila siku siushauri, maana sumu yake ni ile ile ambayo wavuvi wa zamani waliilevyea samaki. Ukiutumia popote, usioshee bomba kwenye mfongo, yaani mfereji wa maji, wala mtoni. Na kama mtu alijaribu utupa haukufanya kitu, huenda hakukosea kupima: ipo mimea ya utupa isiyo na sumu hiyo, na kwa macho inafanana na ile yenye nguvu.

Ugoro nakukataza, mwanangu. Nikotini inatoka kwenye mmea, lakini ni sumu kali kwa mtu, inapenya hata kwenye ngozi, na watoto na kuku wako wamo humo humo. Inaua nyuki pia. Zaidi ya hapo, tumbaku inaweza kubeba kirusi kinachoshambulia jamii yake yote, na mnafu, pilipili hoho na nyanya ni ndugu zake. Utaua vidukari upande ugonjwa usio na dawa. Kitunguu saumu na pilipili kichaa havina madhara hayo, vinafukuza kidogo tu wala haviui wengi. Ukipenda changanya kwenye maji ya sabuni, ila pilipili inyunyize upepo ukiwa nyuma yako.

Kabla hujanyunyiza chochote, kaa chini ya jani dakika tano na utazame. Yule mdudu mwekundu mviringo mwenye madoa meusi wengi wanamjua. Mtoto wake ndiye anayeuawa kwa kutojulikana: ni mweusi, mrefu, ana miguu sita na mabaka ya rangi ya chungwa, kama mamba mdogo, naye anakula vidukari mamia kabla hajakomaa. Utaona pia vidukari waliovimba, wa rangi ya kahawia, wakavu, wengine wana tundu la mviringo mgongoni. Hao wametagiwa ndani na nyigu mdogo kuliko hata sisimizi. Majani yenye hao usiyaguse wala kuyanyunyizia, kila mmoja atatoa nyigu mpya. Na acha mistari miwili ya giligilani itoe maua, kwa maana nyigu hao wakikomaa wanakunywa asali ya maua madogo. Niliwahi kumshauri mkulima anyunyize shamba zima lililokuwa na wageni hawa wengi, nikidhani namsaidia, na baada ya wiki mbili vidukari walirudi mara dufu kwa kukosa wa kuwala. Tangu hapo sinyunyizi kabla ya kutazama.

Kwenye pilipili hoho, ukiona mche wenye majani yenye mabaka ya njano na kijani yaliyokunjamana, huo umepata kirusi kilichobebwa na vidukari. Hauponi. Ung'oe na uufukie mbali.

Na kwenye mlimao, kama baada ya wiki tatu za mkanda majani machanga bado yanajikunja, likunjue moja ulitazame kwenye mwanga. Ukiona vijia vyembamba vya rangi ya fedha vinavyozungukazunguka ndani ya jani, huyo si kidukari, ni kiwavi mdogo wa nondo anayechimba jani. Mkanda na sabuni havimfikii, lakini mlimao mkubwa kama wako unamstahimili. Usikate machipukizi yote kwa hasira, kwa sababu mti utatoa mapya kwa mkupuo, na ni hayo machanga anayoyapenda.